Zulia la Galu na Kikohozi cha Biasha

Mpendwa Mama Hannah,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na nauomba kwa haya, maana nimekuwa nikisoma majibu yako tangu siku zile gazeti likizunguka mkono kwa mkono katika chumba cha kulia cha wafanyakazi hotelini hadi linachanika pembe, na mara nyingi nilicheka ulivyokuwa ukiwakaripia wanaume wenzangu, wala sikudhani kwamba ipo siku nitaishika kalamu mimi mwenyewe. Leo nimeishika. Ukiona vema nikaripie, lakini mwisho uniambie la kufanya.

Naitwa Alfani, nakaa Msambweni, nina mke mmoja, Biasha, niliyemwoa mwaka wa themanini na mbili, na binti mmoja, Mapenzi, anayesoma shule ya bweni. Majina yetu yaache kama yalivyo, kwa sababu hata ukiyaficha, kwa haya nitakayoyasimulia, hapa mtaani watatujua tu.

Mama Hannah, nilifanya kazi ya vyumba kwa miaka kumi na mitatu katika hoteli moja kule Galu, ambayo leo imefungwa na majani yameota mpaka kwenye ngazi zake, na nikikwambia nilikuwa na vyumba kumi chini ya mkono wangu usidhani najisifu, ndivyo ilivyokuwa, na katika hivyo kumi kimoja kilikuwa kama changu, chumba namba kumi na nne, kilichotazama bustani, chenye zulia la kijani kibichi, nene, ukilikanyaga kisigino kinazama. Msimamizi wetu alikuwa Bi Mwongeli, Mkamba wa kutoka Kitui, mama wa kanisa, mkali lakini mwenye haki, na yeye ndiye aliyenifundisha huduma ya jioni. Huduma ya jioni ni hivi: wageni wakishakwenda kula unaingia polepole, unavuta mapazia, unaipiga mito mara mbili kila upande hadi ivimbe, unakunja pembe ya shuka, kisha unatoka kinyumenyume ukilichana zulia kwa brashi ili manyoya yake yote yalale upande mmoja na isibaki hata alama ya unyayo, mgeni akirudi aone kana kwamba chumba kimejitandika chenyewe. Bi Mwongeli alikuwa akisimama mlangoni baada yangu na kuinama kutazama. "Alfani, hii nyayo ni ya nani? Rudia," ananiambia, nami narudia, na siku asiposema kitu nilikuwa naenda nyumbani nimejaa furaha kama mtu aliyepewa zawadi.

Zikaja zile fujo za mwaka wa tisini na saba, wageni wakakatika, tukawa tunatandika vitanda visivyolaliwa na mtu, na mwaka uliofuata tukaitwa sote bustanini tukaambiwa hoteli inafungwa, kila mtu achague kitu kimoja chumbani aondoke nacho kama shukrani. Wenzangu walichukua viti, vioo, mmoja alichukua feni na kwao hakuna umeme. Mimi nikaomba zulia la kumi na nne, na kwa kuwa Bi Mwongeli alinipenda akanipa na mapazia yake mazito na mito miwili ya manyoya, akanisaidia kulikunja huku machozi yanamdondoka juu ya zulia, na mimi nayaona, na sote wawili tukajifanya hakuna anayelia.

Lilifika nyumbani mwezi wa tatu, zile mvua kubwa bado hazijakata, nikalikata kwa kisu likaenea chumba chetu cha kulala ukuta kwa ukuta. Mkeka aliokuwa ameufuma Biasha kwa ajili ya harusi yetu tuliukunja tukauweka darini. Paa lilivuja pembe moja, zulia likarowa, nikalianika likakauka, ingawa harufu ya uvundo haikutoka kabisa, nikawa naifukizia udi. Na tangu siku hiyo, Mama Hannah, usiku hata mmoja haujapita bila mimi kufanya huduma ya jioni. Mchana naokota vibarua, leo nafyeka shamba la watu, kesho napakia mchanga, mikono imepasuka, lakini Magharibi ikishapita nanawa, naingia chumbani mwangu, nafunga dirisha, navuta mapazia, naipiga mito, nalichana zulia nikitoka kinyumenyume, na kwa hizo dakika kumi nasikia kabisa vijiko na vicheko vya chumba cha kulia cha wageni, na mimi ni Alfani wa kumi na nne tena, mtu anayeijua kazi yake. Kisha nasimama mlangoni namwambia mke wangu, "Karibu bibie, chumba tayari." Mwanzoni alikuwa akicheka hadi ajifunike uso kwa leso.

Sasa hacheki, anakohoa. Ilianza miezi mitatu hivi baada ya zulia kuja, na si kikohozi cha kutoa makohozi, ni kikavu, kinamshika akishalaza kichwa tu na hakimwachi mpaka jogoo wa kwanza, macho yanamwasha, pua inamtiririka, anakaa kitandani amejikunja huku mimi namsugua mgongo, na asubuhi akitoka nje nusu saa haijapita yuko mzima. Tumejaribu asali na ndimu, tangawizi, mafuta ya karafuu, mamangu akaleta majani yake ya kujifukiza, hakuna kilichosaidia. Mwaka huu baada ya Idi nikampeleka hospitali, makohozi kidogo waliyoyapata yakapimwa mara tatu, kifua kikapigwa picha, hakikuonekana kitu, na daktari akamtuma Biasha dirishani kuchukua dawa, tukabaki wawili.

"Bwana Alfani," akaniambia, "hiki si kifua kikuu. Inaelekea ni mzio, yaani kuna kitu humo nyumbani hakipatani na kifua chake. Chumba mnacholala kikoje? Mna zulia? Mapazia mazito? Mito ya zamani?"

Mama Hannah, hapa ndipo ninapoona haya. Nilimwambia, "Hakuna, daktari. Sisi ni watu wa kawaida, chini ni saruji na mkeka."

Sikupanga kusema uongo, lakini niliona zulia langu likitolewa mlangoni, na kinywa kikatangulia. Daktari akaandika. "Basi huenda ni moshi. Anapikia kuni?" Nikamwambia anapika mahamri ya kuuza. "Aache kwanza, tuone."

Biasha akaacha. Mahamri ambayo amekuwa akiyapika tangu Mapenzi ananyonya, yaliyokuwa yakinukia iliki alfajiri hadi watu wanagonga mlango wa nyuma na sahani zao kabla hajaepua ya kwanza, aliyaacha siku ile ile kwa neno la daktari, na neno la daktari lilitoka kwangu. Kikohozi hakikupungua hata kidogo. Na majirani walipoona ameacha kupika na usiku bado wanamsikia, wakajaza wenyewe yaliyobaki, wengine wanasema kifua kikuu, wengine wanashusha sauti na kutaja ule ugonjwa mwingine, na jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa shoga yake, sasa akija anasimama uani, haingii ndani, na maji akipewa hanywi.

Mwezi uliopita alikwenda kwao Shimoni kwa matanga ya shangazi yake, akakaa siku nane, na katika siku nane hakukohoa hata mara moja. Hapo nikajua, Mama Hannah, sitakudanganya na wewe, nilijua kabisa. Lakini kakake, Salimu, naye akaona, na yeye ana yake, anasema nyumba yangu imefanyiwa kitu, au mimi mwenyewe ninamfanyia dadake kitu, na ametuma salamu kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao anakuja kumchukua, na hatamrejesha. Nikamuuliza Biasha, wewe wasemaje. Akanijibu bila kunitazama, "Baba Mapenzi, kwa mamangu napumua. Hapa nafa. Niache niende." Kisha akainuka akaenda kulala, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshalichana zulia.

Nauliza, je, ipo njia ya kulisafisha zulia nikabaki nalo? Na kama haipo, nitamwambia nini mke wangu, ambaye ameacha kazi yake kwa uongo wangu? Naogopa nikimwambia ataondoka kwa hasira, na nisipomwambia ataondoka akidhani nyumba yake imemchukia. Nimechoka. Naikumbuka ile kazi kila siku, na mke wangu nampenda kuliko ile kazi, lakini ukinitazama ninavyofanya huwezi kujua.

Wako,
Alfani, Msambweni


JIBU

Marahaba, Alfani. Umeniruhusu kukukaripia, basi kaa vizuri nianze na hilo, tukishalimaliza tusaidiane.

Umesema uongo mbele ya daktari, na dawa ya uongo wako ameimeza mkeo. Mwaka mzima anakohoa. Kazi yake umeizima, shoga yake umemkimbiza, jina lake linazungushwa mtaani na maradhi asiyokuwa nayo, na wewe kila Magharibi unaingia na brashi kana kwamba hakuna lililotokea. Ungekuwa mwanangu ningekuvuta sikio, na huo umri wako usingekusaidia.

Sasa la pili. Barua yako niliisoma mara mbili, na ya pili nililia, kwa hiyo usidhani naongea na wewe kutoka juu ya mti. Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita. Siku niliyostaafu nilirudi nyumbani na mkanda wangu wa kazi, ule mwekundu wenye kifungo cha fedha, na mpaka leo umo ndani ya sanduku, na kila Pasaka nautoa, najipima, haunitoshi, naurudisha. Najua mtu anavyoweza kupewa kazi mpya na miguu yake ikaendelea kwenda kwenye ile ya zamani. Ulikuwa mtu wa kazi yako, Alfani, na hoteli ilipofungwa hakuna aliyekukalisha chini akakupa pole. Pole sana. Lakini marehemu mume wangu sikumlaza juu ya mkanda wangu, na angeanza kuumwa kwa ajili yake ningeuchoma moto.

Nikuulize jambo. Asubuhi kule hotelini, kabla ya huduma yako ya jioni, kulikuwa na mashine ya kufyonza vumbi, sivyo? Kila chumba, kila siku, na vumbi linatolewa nje kwenye mfuko. Barua yako ndefu hivi, hiyo mashine hukuitaja hata kwa bahati mbaya. Umebeba kazi ya jioni ukaja nayo Msambweni, ukaiacha ya asubuhi kule Galu. Zulia lililorowa likalala na uvundo, mwaka na zaidi halijafyonzwa, kisha kila jioni unafunga dirisha, unapiga mito, unalichana, unaamsha kila kilicholala ndani yake, na juu yake unamwita mkeo, "karibu bibie." Ndiyo maana kinamshika akilaza kichwa. Unamtandikia vumbi kwa ufundi wa miaka kumi na mitatu. Bi Mwongeli wako angeliona hilo ungerudia si chumba tu, ungerudia na mafunzo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Kwa mtu asiye na mashine ya kufyonza, zulia la ukuta kwa ukuta lililokwisha kuvunda halisafishiki. Litoke. Litoke mchana, Biasha akiwa mbali na nyumba, nawe umejifunga kitambaa puani, ukishalinyunyizia maji kwanza ili lisitimke. Mapazia mazito na mito ya manyoya vifuate mlango huo huo. Usilihamishie sebuleni, usiliweke chumba cha Mapenzi akirudi likizo, wala usimuuzie jirani kikohozi. Saruji ioshe kwa maji na sabuni, na kuanzia hapo uipanguse kwa kitambaa kibichi, usiifagie kavu. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, godoro lipate jua kali, dirisha liwe wazi mchana kutwa. Udi uache kwa sasa, na ile dawa ya mbu ya kuchoma usiiwashe humo chumbani, fungeni chandarua. Na kwa kuwa mimi si jiwe, kata kipande cha zulia ukubwa wa kiganja, kichemshe, kianike siku tatu, ukifungie ndani ya kopo lenye kifuniko, ukiweke popote isipokuwa chumba cha kulala. Hicho ni chako, na sitaki mtu akucheke.

La kumwambia mkeo ni fupi, na ulipeleke leo, usingoje Ijumaa ya Salimu. Mkalishe mchana, uani, mahali anapopumua, umwambie hivi: "Biasha, daktari aliniuliza kama tuna zulia, nikamwambia hatuna. Nilisema uongo. Mahamri uliyaacha bure." Kisha nyamaza. Usimwanzie habari za Galu, wala za Bi Mwongeli, wala za machozi ya bustanini. Akiuliza kwa nini, hapo ndipo umweleze. Akikasirika, ana haki. Akitaka kwenda Shimoni kupumua wakati wewe unasafisha, mbebee mkoba mpaka kwa mamake, na huyo Salimu umwambie maneno hayo hayo mbele ya watu wazima wa nyumba, ili ajue dadake hakufanyiwa kitu na mtu yeyote ila mumewe na brashi yake. Usiende kuomba arudi. Nenda useme kweli, na kurudi kutakuwa kwake.

Halafu mrudi wote wawili kwa daktari yule yule, benchi lile lile, na safari hii ujibu alichokuuliza. Mimi siwezi kumpima mtu kwa gazeti. Inaelekea ni zulia, na siku nane za Shimoni zinasema hivyo, lakini yaweza kuwa na kingine kando yake, na hilo ni la daktari kulitafuta. Dawa alizopewa asiziache kwa sababu mimi nimeandika. Suala la jiko na kuni waamue yeye na daktari, wewe kazi yako ni kumwona anapata jiko lenye hewa. Na akianza kutoa damu, au homa, au kupungua mwili, au kifua kumpigia mluzi hadi hapati pumzi, usikae kuniandikia, mpeleke hospitali saa ile ile.

Majirani nao una deni la maneno kwao. Mlango kwa mlango, Alfani, kuanzia huo wa pili. Waambie lilikuwa zulia lako. Watakucheka wiki nzima, na utavumilia, maana yeye amevumilia mwaka.

Namalizia na jambo ulilolipita mbio. Barua yako ina kurasa nne, na kama tatu zimekwenda kwa zulia, rangi yake, unene wake, kisigino kinavyozama. Mkeka ambao msichana aliufuma kwa mikono yake ili aje alale na wewe ulipata mstari mmoja, kisha ukaupandisha darini. Hukuniambia una rangi gani. Sijui kama unaikumbuka.

Ushushe. Ukung'ute nje, upanguse, upate jua mchana mzima. Siku atakayorudi, utandike juu ya saruji safi, weka mto wa kawaida, kunja pembe ya shuka kama ulivyofundishwa, acha dirisha wazi, na utoke kinyumenyume ukitaka, hapo pana mkeka tu wala hapana nyayo za kufuta. Kisha simama mlangoni umwambie chumba tayari.

Akikohoa, mrudishe kwa daktari. Akicheka, usiniandikie mimi. Ingia ukae naye.

Mshauri wenu,
Hannah Katana